Jinsi ya kulala usiku mmoja kwenye hoteli kubwa ya mjini Dar ukafaidi kila saa uliyolipia

Mama yangu amevuka na pantoni ya Kigamboni miaka na miaka, anakuja soko la feri kuchukua samaki anarudi kuuza ng'ambo, na kila akivuka anaiona hoteli ya Kilimanjaro imesimama pale Kivukoni. Hajawahi kukanyaga hata ngazi yake. Siku moja akaniuliza tu, ivi mle ndani kukoje? Nikamwambia mama mi mwenyewe sijui. Lile swali likanikaa, nikawa naweka hela kidogo kidogo miezi nane, nikampeleka tukalala usiku mmoja. Nilikuwa nimeshalala hoteli kubwa kama mara tatu hivi kwa mambo ya kazi, lakini kikazi unalipiwa, hujui kitu, ukilipa mwenyewe ndo unajifunza. Naandika haya kwa mtu wa kawaida anayetaka kumpeleka mzazi au mwenza au aende mwenyewe, na hataki aibu wala bili ya kumshtua asubuhi.

Anza na siku, kabla hata ya hoteli. Hoteli za Posta, pale katikati ya mji, zinaishi kwa watu wa mikutano na biashara, wanajaa Jumatatu mpaka Alhamisi, Ijumaa jioni wanaondoka na vyumba vinabaki vitupu, kwa hiyo Jumamosi kuamkia Jumapili ndo mara nyingi utapata bei nzuri alafu na mji wenyewe umetulia, huna foleni ya Sokoine Drive wala honi. Hoteli za ufukweni ni kinyume chake, kule wikiendi ndo ghali. Kimbia kipindi cha Sabasaba, mwisho wa Juni mpaka katikati ya Julai, maonyesho yanaleta wageni wengi sana. Na kama hutaki kelele za muziki basi kimbia pia mkesha wa mwaka mpya na siku ya wapendanao.

Hoteli gani? Za mjini kati zipo kadhaa na zina historia zao. Kilimanjaro ilifunguliwa 1965, nchi bado changa kabisa, baadaye ikafungwa ikakarabatiwa, ikawa Kempinski na sasa ni Hyatt Regency, lakini mwambie mzee yeyote wa Dar Hyatt atakuuliza hiyo ndo ipi, sema Kilimanjaro. Serena ya mtaa wa Ohio nayo ilianza kama Sheraton, ikawa Royal Palm, ikawa Mövenpick, kwa hiyo usishangae dereva akiita jina la zamani. New Africa imekaa pale pale ilipokuwa Kaiserhof ya Wajerumani. Johari Rotana ndo mpya mpya kati ya hizi. Mi nilichagua Kilimanjaro kwa sababu moja tu ya mama na pantoni yake, na nakushauri na wewe uchague kwa sababu inayomhusu mtu unayempeleka, sio kwa picha ulizoona mtandaoni. Mtu aliyefanya kazi maeneo ya Posta miaka thelathini atafurahi kuuona mtaa wake kutoka juu kuliko atakavyofurahia bwawa.

Ukishachagua, piga simu. Angalia bei kwenye zile tovuti za kubuku, iandike pembeni, alafu piga hotelini kwenyewe uombe watu wa rizavesheni, wale wanaopanga vyumba. Waulize kama kuna bei ya mkazi, yaani ya anayeishi humu nchini, hoteli nyingi zinayo na hawakutajii mpaka uulize. Alafu maswali yafuatayo usikate simu bila majibu: bei hiyo ni ya mtu mmoja au wawili? Chai ya asubuhi ipo ndani? Kodi ya VAT ipo ndani? Chumba kinaangalia wapi? Ukiona bei imeandikwa na alama mbili za kujumlisha mbele yake, wenyewe wanaita plasi plasi, ujue kodi na sevisi chaji, yaani ada ya huduma, bado hazijaingia. VAT yetu ni asilimia 18, kwa hiyo chumba cha laki nne kinageuka 472,000 hata hujafungua mlango, na kama kuna sevisi chaji inapanda tena. Ukitajiwa dola omba bei ya shilingi, kanuni za 2025 zinataka bei za humu nchini zitajwe kwa shilingi. Alafu omba wakutumie barua pepe yenye kila mlichokubaliana, hiyo ndo ngao yako mapokezi.

Kuhusu chumba cha kuangalia bahari: kina nyongeza, na nyongeza hiyo ina maana kama kweli mtakaa dirishani. Kama mnafika saa mbili usiku mnalala mnaondoka asubuhi, chukua cha kuangalia mji, giza ni lile lile. Sisi tulilipa ya bahari na sijutii hata senti, nitaeleza.

Sasa dipoziti, hapa ndo watu wengi wanaumia na mi niliumia. Ukifika mapokezi wanataka kadi ya benki, wanashikilia kiasi flani juu ya bei ya chumba kwa ajili ya vitu utakavyotumia. Hela haijakatwa lakini huwezi kuigusa, na ukishaondoka inaweza kuchukua siku kadhaa au hata zaidi ya wiki kurudi, inategemea na benki. Kwenye hoteli moja huko nyuma nilitoa kadi ya akaunti ninayoishi nayo, hakuna aliyenieleza kitu, wakashikilia hela iliyokuwa ya ada ya mtoto, nikaenda kukopa ili mtoto asirudishwe nyumbani na hela yangu mwenyewe naiona ipo kwenye simu. Iliniuma sana. Kwa hiyo uliza kwenye ile simu ya kwanza: dipoziti ni shilingi ngapi, mnapokea keshi? Ukitoa keshi wanakuandikia risiti na wanakurudishia mkononi siku ya kuondoka, mi sasa hivi ndo natumia njia hiyo. Ukitumia kadi, tumia ambayo haina hela ya shida nyingine, na iwe kadi yenyewe ya kushika mkononi yenye jina lako, maana zile za kutengeneza kwenye simu zinaweza kukubali kubuku alafu zikakataliwa mapokezi.

Cha kubeba ni kidogo. Kitambulisho cha NIDA au pasi ya kusafiria kwa kila mtu atakayelala, nguo ya kulalia, nguo ya kuogelea ya kweli kama mtaingia bwawani maana na kaptula ya jinzi watakutoa, dawa, na chaja. Taulo, sabuni, shampuu, kandambili usihangaike. Mama alikuwa amefunga ndoo ndogo na sabuni ya kipande kwenye mfuko, nikamwambia mama hiyo iache, akaniambia mwanangu na maji yakikatika? Ndoo ikabaki, sabuni tulienda nayo.

Barua pepe yako itasema chekini, muda wa kuingia chumbani, ni 14:00 au 15:00, hiyo ni saa nane au saa tisa mchana kwa saa zetu, na chekauti, muda wa kutoka, 11:00 au 12:00, yaani saa tano au saa sita mchana. Nimeshaona mtu kachanganya akafika saa nane usiku. Hesabu masaa: ukiingia saa nane na kutoka saa sita kesho yake una masaa ishirini na mawili, ukifika saa mbili usiku umeshatupa sita. Kwa hiyo fika mapema, hata saa sita mchana, ukiwa mpole ukauliza kama kuna chumba kimeshasafishwa, wikiendi mara nyingi kinapatikana bila kulipa kitu, na kama hakipo acha mabegi kwao mkakae bwawani au mkatembee.

Usafiri usikupe presha. Sio lazima ufike na gari kubwa. Mwendokasi unashuka Posta ya Zamani au Kivukoni mwisho, unatembea kwa miguu. Sisi tulishuka pantoni tukatembea na begi moja. Getini na mlangoni kuna ukaguzi, begi linapita kwenye mashine, hiyo ni ya kila mtu, waziri na wewe. Tembea moja kwa moja mpaka mapokezi, salimia. Mama alikuwa na kanga yake na ndala mpya, moyoni nilikuwa na wasiwasi watamwangalia vibaya, yule binti wa mapokezi akainuka akamwambia shikamoo mama, karibu, pole na jua. Mama akakaa vizuri kuanzia pale. Vaa nguo safi unayoizoea, inatosha.

Na mapokezi ndo mahali pa kuomba, sio baadae. Sema kama ni siku ya kuzaliwa au ndo safari ya kwanza ya mzazi wako, sema ukweli, mara nyingine wanakupandisha ghorofa ya juu. Kama una mzee omba bafu la kusimama, sio lile la kuingia kwenye beseni, kingo za beseni ziko juu na chini panateleza, wazee wanaanguka pale. Kama chumba cha hivyo hakipo omba mkeka wa mpira wa kuzuia kuteleza. Omba mswala kama mnaswali, na uliza kibla kiko upande gani, vyumba vingi vina mshale umebandikwa darini au ndani ya droo. Kama kuna mtu anatumia insulini, omba wakutolee vitu vya kwenye minibaa, ile friji ndogo ya vinywaji vya kuuza, uweke dawa yako, ila iweke mbali na ukuta wa nyuma wa friji, insulini ikiganda imeharibika. Mama ana sukari, hili kwangu lilikuwa la kwanza kabla ya yote.

Chumbani. Kadi ya mlango ndo inawasha umeme, kuna kitundu karibu na mlango, itumbukize humo taa na eisi viwake, na hata lifti nyingi hazipandi bila kadi. Omba kadi mbili ili mmoja akitoka mwingine asibaki gizani. Eisi utaikuta imewekwa baridi ya kugandisha, ipandishe mpaka 24 hivi, ukiacha usiku kucha na baridi ile mzee anaamka mafua. Shuka limechomekwa chini ya godoro kote, livute tu, usilale juu ya lile blanketi nene ukidhani ni pambo, na kile kitambaa kirefu cha miguuni na mito ya urembo weka pembeni kwenye kiti. Bafuni anza na maji ya baridi alafu geuza taratibu kwenda moto, maji ya hoteli yanatoka moto kweli. Kama kuna pazia, liingize ndani ya beseni kabla hujafungua maji, la sivyo maji yote yanaenda kwenye zulia.

Maji ya kunywa ya bure ni yale yaliyowekwa nje, kwenye meza au karibu na kitanda, mara nyingi chupa mbili, yakiisha piga simu uombe mengine. Yaliyo ndani ya minibaa yanalipiwa, na bei yake inaweza kufika mara nne tano ya dukani. Kuna minibaa zenye sensa, ukinyanyua tu chupa kuisoma inaingia kwenye bili, kwa hiyo usiguse kabisa, soma bei kwenye karatasi. Chai na kahawa za kwenye trei na birika la umeme ni bure, kunywa. Ndara nyeupe za kitambaa, sabuni ndogo, kofia ya kuogea, hivyo ni vyako ondoka navyo. Taulo, joho la kuogea, hanga na pasi ni vya hoteli na vinahesabiwa. Usafi wa nguo usiwape hata soksi, wanachaji kwa kipande.

Chakula cha usiku hapo mi nina msimamo: kama hela ni ya kubana usile mle hotelini mlo kamili. Katembeeni mle nje, mrudi mnywe kitu kimoja juu. Ile Kilimanjaro ina baa ghorofa ya nane, inaitwa Level 8, unaona bandari yote, juisi moja unakaa nayo saa nzima hakuna anayekufukuza. Huduma ya kuletewa chumbani ina nyongeza yake, soma chini kabisa ya menyu. Ila kama umepanga kula, kula, usiagize supu peke yake ukakaa na njaa unahesabu bei, hiyo sio raha.

Sasa kile chumba cha bahari. Saa kumi na moja jioni mama alivuta kiti dirishani hakuondoka mpaka giza. Pantoni inaenda inarudi, watu wamejazana, magari, baiskeli za samaki, na boti za Azam za Zanzibar zinaingia bandarini, nazo zimeandikwa Kilimanjaro, akacheka, akasema Kilimanjaro inaangalia Kilimanjaro. Alikuwa ananionyesha, pale ndo tunakaaga upande wa kulia kwenye kivuli, pale ndo yule mama wa karanga. Miaka yote ile alikuwa anaangalia juu, siku ile akaangalia chini akaona wanaovuka ni wengi kiasi gani. Akanyamaza muda mrefu. Mi nikakaa naye, sikuwasha hata tivii. Kwa hiyo nikisema fika mapema maana yangu ni hii, jioni ya dirishani haiuzwi kando, imo humo humo kwenye bei, na ukichelewa umeikosa.

Kabla ya kulala fanya mambo mawili. Piga mapokezi uombe bili mpaka hapo ilipofikia, uisome ukiwa umetulia, kosa likiwepo linarekebishwa usiku huo huo kuliko asubuhi kwenye foleni. Alafu uliza kama mnaweza kutoka masaa mawili baada ya muda wa chekauti, wikiendi wanaweza kukukubalia bure, lakini ukisubiri kuuliza saa tano na nusu asubuhi na muda wa kutoka ni saa sita jibu ni hapana.

Chai ya asubuhi ndo mahali pa kurudisha hela. Amka mapema, bafe, yaani chakula cha kujipakulia mwenyewe, huanza saa kumi na mbili na nusu hivi, Jumapili ikifika saa tatu panajaa na kuna vitu vinaisha. Zunguka meza nzima mara ya kwanza bila sahani, ona kila kitu, ndo uchukue sahani. Watu wanajaza mkate na soseji pale mwanzo alafu wanakuta supu, vitumbua, mihogo na viazi vitamu huko mbele tumbo limejaa. Kuna mpishi wa mayai amesimama na kikaango, mwambie unavyotaka, kitunguu, hoho, pilipili, anakupikia hapo hapo. Kama huli nguruwe soma vibao na uliza, beikoni ya ng'ombe na ya nguruwe zinafanana kwa macho, na uliza pia vikaango vyao wanavitenganishaje, hawakasiriki. Kwenda mara tatu nne ni kawaida kabisa, ndo maana ya bafe. Kubeba kwenye mfuko ndo hapana. Ila kama mnaondoka alfajiri kuwahi boti ya saa moja au ndege, waambie usiku wakuandalie boksi la chai, mara nyingi wanafungia bila nyongeza.

Bakshishi sio lazima lakini mi natoa. Aliyebeba begi elfu tano, na asubuhi nyingine naacha juu ya mto na kikaratasi cha asante kwa dada anayesafisha, bila karatasi wengine hawachukui wanaogopa kuambiwa wameiba. Na kunja taulo zilizotumika uziweke sehemu moja chini bafuni, inampunguzia kuinama.

Ukishalipa na kutoka chumbani siku haijaisha. Acha begi kwa wale wa mlangoni wanakupa kikaratasi cha namba, uliza kama mnaruhusiwa kubaki bwawani, hoteli nyingi zinaruhusu mpaka jioni. Mama hakuingia majini, alikunja kanga akatumbukiza miguu akakaa. Saa tisa tukatembea mpaka kwenye pantoni, tukalipa nauli yetu, safari hii akasimama upande wa kushoto kwenye jua ili aione vizuri, anahesabu madirisha kutoka juu.

Na risiti zako zote weka mpaka dipoziti irudi. Kama uliweka keshi hesabu pale pale kaunta kabla hujageuka. Kama ni kadi, waambie wakuprintie karatasi ya kuachia ile hela, ina namba ya idhini juu yake, na zikipita wiki mbili haijaonekana nenda benki na hiyo karatasi, sio hotelini, maana hoteli ikishaachia anayeishikilia ni benki, na bila ile namba utazungushwa.